Kompyuta ya Kazi Inayodumu: Vipuri vya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Kuanzia Bamburi Mtambo hadi Kiembeni na Utange, mtu hatembei mbali kando ya barabara kabla ya kuona kibao cha saiba. Humo ndimo mkaazi anamojaza fomu za kodi kwenye iTax, anamoomba vyeti kupitia eCitizen, anamojisajili kwa SHA na anamochapisha barua ya kuomba kazi. Nyuma ya huduma hizo kuna kompyuta ya mezani inayofanya kazi tangu asubuhi hadi usiku. Kwa mwenye saiba, mashine hiyo ndiyo jembe lake. Ikizimika siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, hasara si yake peke yake, kwa maana wateja walio kwenye foleni nao hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kompyuta nyingi za aina hii hazifi kwa uzee. Upande huu wa pwani huuawa na stima isiyotulia, hewa ya chumvi, joto na vumbi. Siku hizi kuna sababu ya tano, ambayo haionekani kwa macho: mashine bado inawaka vizuri, lakini programu inayoiendesha imefika mwisho wa muda wake. Anayenunua kompyuta ya saiba, ya ofisi ya chama, ya shule au ya kazi za mtandaoni nyumbani anaweza kujikinga na yote matano iwapo atajua ni kipuri kipi cha kulipia zaidi na kipi cha kuachana nacho.

Kwanza, kazi ni ipi?

Maduka mengi hupenda kuonyesha kompyuta zenye taa za rangi na kadi kubwa za michoro. Hizo zimeundwa kwa ajili ya michezo ya video. Kadi ya namna hiyo inaweza kula wati 200 au zaidi peke yake, hutoa joto jingi na huhitaji feni nyingi zinazovuta vumbi ndani. Kuandika barua, kuvinjari mtandao, kutumia karatasi za hesabu, kuchapisha na kuskani hakuhitaji kadi hiyo. Prosesa nyingi za kawaida zina uwezo wa kuonyesha picha ndani yake, na unatosha kwa skrini moja au mbili.

Mnunuzi anapaswa kujua jambo moja hapa. Baadhi ya prosesa huuzwa bila uwezo huo wa picha. Kwa prosesa za Intel za mezani, dalili yake ni herufi F mwishoni mwa namba, kama vile i5-12400F. Anayenunua hiyo kwa sababu imepungua bei kidogo atalazimika kununua kadi ya michoro pia, na nafuu yote itakuwa imeyeyuka.

Pesa zinazookolewa kwa kuacha kadi ya michezo ndizo zinazopaswa kwenda kwenye vipuri vinavyolinda mashine. Navyo huanza na stima.

Stima: hapa ndipo pa kutobana mkono

Umeme wa Kenya umewekwa katika volti 240. Nyumbani na dukani, hata hivyo, kiwango hicho hupanda na kushuka, hasa jioni watu wengi wanapotumia stima kwa wakati mmoja. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani, na Desemba mwaka huohuo hali hiyo ikajirudia. Kukatika kwenyewe hupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Stima inaporudi kwa kishindo ndipo vipuri huungua.

Kipuri kinachopokea kishindo hicho ni pawasaplai, lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta linalogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaotumiwa na vipuri vingine. Kompyuta ya kazi isiyo na kadi ya michezo haihitaji pawasaplai ya wati nyingi. Ya wati 300 hadi 450 inatosha na kubaki. Cha kuangalia ni ubora, na kuna dalili tatu zinazosomeka kwenye kibandiko chake.

Dalili ya kwanza ni kiwango cha volti inachokubali. Iliyoandikwa 100–240V huvumilia volti zinaposhuka vizuri zaidi kuliko iliyoandikwa 200–240V pekee. Dalili ya pili ni nembo ya 80 PLUS, inayoonyesha kwamba pawasaplai imepimwa na haipotezi umeme mwingi kwa njia ya joto. Dalili ya tatu ni uzito: sanduku jepesi mno mkononi mara nyingi limepunguziwa vipuri vya ndani ambavyo kazi yake ni kuzuia mshtuko. Pawasaplai za zamani huwa pia na swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye maandishi 115 na 230. Hapa Kenya ni lazima ikae 230. Ikiachwa 115, mashine italipuka mara tu inapowashwa, na mtoto mwenye kidole cha udadisi anaweza kuigeuza bila mtu kujua.

Mbele ya pawasaplai inahitajika UPS. Kazi yake si kuendesha saiba wakati wa giza. Inampa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu, na zile zenye kirekebisha volti husawazisha umeme unaopanda na kushuka mchana kutwa. UPS ya VA 650 humudu kompyuta moja ya kazi na skrini yake. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS, kwa sababu inapopasha moto karatasi huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuielemea. Betri ya UPS huhesabiwa kuishi miaka mitatu hadi mitano katika nyuzi joto 25. Katika chumba cha Bamburi kinachokaa nyuzi 30 au zaidi, ni busara kutenga pesa za betri mpya baada ya miaka miwili au mitatu. Mwenye kompyuta asingoje mpaka stima ikatike ndipo agundue kwamba betri ilikwisha kufa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna ufa mwingine ambao vifaa hivyo haviwezi kuuziba. Nyumba nyingi za kupanga na vibanda vina soketi za matundu matatu, lakini tundu la juu halina waya unaopeleka umeme ardhini. Dalili yake ni pale mtu anapogusa kasha la kompyuta bila viatu na kuhisi mwasho mdogo mkononi. Katika hali hiyo kinga nyingi dhidi ya mshtuko wa umeme hazifanyi kazi ipasavyo, na si kompyuta tu iliyo hatarini bali mtu pia. Kazi ya kuweka waya huo ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na ifanywe kabla ya kompyuta mpya kuingia nyumbani.

Chumvi, joto na vumbi

Hewa ya bahari hubeba chembe za chumvi ambazo hutua juu ya kila kitu, hata ndani ya kompyuta. Chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Lakini unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji na kuyeyuka. Pwani kiwango hicho hupitwa mara kwa mara usiku na alfajiri, wakati kompyuta imezimwa na imepoa. Ule umajimaji wa chumvi hula shaba na kuacha ukungu wa kijani kwenye miguu ya vipuri. Ndiyo maana kompyuta iliyokaa likizo nzima bila kuwashwa hugoma siku ya kufungua shule.

Kwa hiyo kompyuta inayotumiwa kila siku hudumu kuliko inayofichwa. Joto lake la kawaida huikausha. Mashine ya shule inapaswa kuwashwa angalau saa moja au mbili kila wiki wakati wa likizo. Isiwekwe mbele ya dirisha linalopokea upepo wa kusi au kaskazi kutoka baharini, wala isifunikwe kwa plastiki inayobana unyevu ndani. Kitambaa chepesi kinatosha, na kiondolewe kabla ya kuwasha.

Joto nalo lina hesabu yake. Ndani ya pawasaplai na juu ya bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi, kuna vipuri vidogo vya mviringo viitwavyo kapasita. Aina ya kawaida ina majimaji ndani yanayokauka polepole, na kanuni ya wahandisi husema kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10, umri wake hukaribia kuongezeka maradufu. Kapasita iliyopimwa kudumu saa 2,000 katika nyuzi 105 itakadiriwa saa 16,000 ikikaa katika nyuzi 75, na saa 32,000 ikikaa katika nyuzi 65. Kwa saiba inayofungua saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni tofauti ya takriban miaka mitano na miaka kumi. Feni moja nzuri na nafasi ya hewa nyuma ya kasha vinaweza kuleta tofauti hiyo.

Bodi kuu iliyo bora huwa na kapasita ngumu zisizo na majimaji. Hutambulika kwa kichwa bapa cha chuma kisichokuwa na mkato wa msalaba juu. Kwa mashine ya mtumba, mnunuzi aombe kasha lifunguliwe. Kapasita yoyote iliyovimba kichwa au kutoa utomvu wa kahawia ni sababu ya kutosha kuiacha mashine hiyo dukani.

Kasha lenyewe linapaswa kuwa na nafasi, chujio la vumbi linaloweza kutolewa na kuoshwa, na feni kubwa inayozunguka polepole. Feni ya sentimita 12 husukuma hewa nyingi kwa kelele kidogo kuliko ndogo inayolia kama nyuki. Barabara za ndani za Bamburi zina vumbi jeupe laini la mawe ya matumbawe, ambalo likichanganyika na unyevu huganda kama plasta juu ya vyuma vya kupoza. Kompyuta ikikaa juu ya meza badala ya sakafuni, na ikipulizwa vumbi kila miezi mitatu ikiwa imechomolewa ukutani, sehemu kubwa ya tatizo hilo huisha.

Prosesa: asome namba, asisikize jina

Muuzaji akisema "hii ni Core i7", hajasema lolote bado. Jina hilo limetumika tangu mwaka 2008. Habari kamili imo katika namba inayofuata. Kwa i5-4570, tarakimu ya kwanza ni 4, yaani kizazi cha nne kilichotoka mwaka 2013. Kwa i5-8500 ni kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kwa i5-12400, tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha kizazi cha 12. Prosesa mpya za Intel ziitwazo Core Ultra, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2023, zina mpangilio mwingine wa namba.

Kizazi ni muhimu kwa sababu ya tarehe moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo ulio kwenye kompyuta nyingi za mtumba. Mashine haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya usalama, vile vinavyoziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitafuta. Waliojisajili kwa mpango wa ziada walipewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa saiba inayopokea nywila za eCitizen, nakala za vitambulisho na taarifa za benki za wateja, mashine isiyopata viraka ni mlango usio na komeo.

Windows 11, iliyochukua nafasi yake, haikubali kila kompyuta. Inataka chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, na prosesa iliyo kwenye orodha maalumu. Kwa Intel, orodha hiyo huanza na kizazi cha 8, isipokuwa chache mno za kabla yake. Kwa prosesa za Ryzen kutoka AMD, zilizo salama kununua ni za mfululizo wa 3000 kwenda juu. Kwa hivyo i3 ya kizazi cha 8 ina maisha marefu mbele yake kuliko i7 ya kizazi cha 4, hata kama i7 hiyo inauzwa kwa jina kubwa. Nayo si dhaifu: i3-8100 ina viini vinne, idadi ileile iliyokuwa kwenye i5 nyingi za mezani za vizazi vilivyoitangulia.

Wako mafundi wanaoweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani. Huingia, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho. Aliye na kompyuta ya zamani iliyo nzima ana njia nyingine halali na ya bure, nayo ni mfumo wa Linux kama Ubuntu au Linux Mint. Toleo la Ubuntu 24.04, kwa mfano, lina msaada wa kawaida hadi 2029. Kazi nyingi zinazofanyika ndani ya kivinjari huenda bila shida. Kabla ya kuhama, mwenye mashine ahakikishe kwamba printa, skana na programu anazotegemea zinakubaliana na mfumo huo.

RAM na diski

RAM ni meza ambayo kompyuta hutandazia kazi iliyo mkononi. Kwa matumizi ya leo GB 8 ndio mwanzo, na anayetaka mashine ya miaka mingi alenge GB 16. La muhimu kuliko kuinunua yote sasa ni kuhakikisha bodi kuu ina nafasi iliyobaki wazi ya kuongeza baadaye. Aina za RAM haziingiliani: DDR3, DDR4 na DDR5 zina mikato tofauti, na ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. DDR3 ni ya mashine za zamani na haifai kuwa msingi wa ununuzi mpya.

Diski ya zamani, yaani hadidiski, ina sahani zinazozunguka na sindano inayosoma juu yake. Stima ikikatika ghafla, sahani hizo zinaweza kuumia. SSD haina kitu kinachozunguka, hutumia umeme kidogo, na hakuna badiliko jingine linaloweza kufanya kompyuta kuukuu ionekane mpya kwa haraka kama hilo. Wengine huogopa kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Hesabu yaondoa hofu hiyo. SSD nyingi za GB 500 hupewa dhamana ya kuandikiwa kati ya TB 150 na TB 300. Saiba inayoandika GB 20 kila siku bila kupumzika itafikisha TB 7 na kidogo kwa mwaka. Hata kwa dhamana ya TB 150, hiyo ni miaka ishirini.

Hatari ya SSD iko kwingine. Hadidiski mbovu mara nyingi hulia na kusuasua kabla ya kufa, ilhali SSD inaweza kufa kimya siku moja. Nakala ya kazi zote ihifadhiwe mahali pengine pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye akaunti ya mtandaoni. SSD bandia nazo zipo sokoni, zenye kibandiko cha ukubwa usiokuwepo ndani. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hujaza diski tupu na kuisoma upya, na uongo huo hujitokeza wenyewe.

Mtumba au mpya?

Kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo, zile zinazouzwa kwa jina la "ex-UK", huingia nchini kwa wingi na si vibaya kuzinunua. Familia za Dell OptiPlex, HP ProDesk na EliteDesk, na Lenovo ThinkCentre zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zilizohitaji mashine imara. Kizazi cha 8 au zaidi, chenye SSD mpya, ni chaguo la heshima kwa mwenye mfuko wa wastani.

Udhaifu wake uko kwenye umbo. Tangu 1995 kuna kipimo cha pamoja kiitwacho ATX, kinachofanya pawasaplai, bodi na kasha za watengenezaji tofauti ziingiliane. Kompyuta nyingi za ofisi, hasa zile ndogo nyembamba, hazifuati kipimo hicho. Pawasaplai yake ikiungua, fundi wa Kiembeni hawezi kuchukua yoyote iliyo kwenye rafu. Atalazimika kuvuka daraja la Nyali kutafuta ya aina hiyohiyo, na pengine aagize Nairobi. Kabla ya kununua mtumba, mnunuzi aulize kama pawasaplai ya mashine hiyo inapatikana Mombasa na kwa bei gani. Mwenye kununua tano za aina moja ana nafuu, kwa sababu moja ikifa huwa ghala la vipuri vya nne zilizobaki.

Anayeunda mpya kipuri kwa kipuri afuate kipimo cha ATX au kidogo chake, Micro-ATX. Soketi ya prosesa nayo ina umri. AM5 ya AMD, iliyoanza mwaka 2022, imeahidiwa kupokea prosesa mpya hadi 2027 na zaidi, hivyo bodi ileile inaweza kubadilishiwa prosesa baadaye. Kwa vyovyote vile, kanuni ni moja: kompyuta inayodumu ni ile ambayo kila kipuri chake kinaweza kufa na kuzikwa peke yake.

Hesabu ya miezi

Bei hubadilika kila mara, kwa hivyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kompyuta ya shilingi 12,000 ikidumu miaka miwili, mwenyewe amelipa shilingi 500 kwa kila mwezi wa kazi. Ya shilingi 30,000 ikidumu miaka saba, na ikatumia shilingi 8,000 nyingine kwa betri za UPS, feni na diski, amelipa takriban shilingi 450 kwa mwezi. Hapo hazijahesabiwa siku ambazo ile ya kwanza ilikuwa kwa fundi.

Stima pia iingizwe. Mashine ya zamani inayotumia wati 100 kwa saa kumi, siku 26 za mwezi, hula yuniti 26. Ya sasa inayotumia wati 40 hula yuniti 10 na kidogo. Iwapo yuniti moja ni shilingi 30, tofauti ni karibu shilingi 470 kwa mwezi kwa kila mashine. Saiba yenye mashine nne huokoa takriban shilingi 1,900.

Risiti, haki, na safari ya mwisho

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na habari za kutosha kuihusu. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 imeipa haki hiyo meno. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Risiti iandikwe aina ya mashine, namba yake ya usajili, prosesa kwa namba kamili, RAM, diski, na muda wa dhamana. Risiti inayosema "kompyuta 1" haitamsaidia mtu.

Mashine nayo hufika mwisho. Sehemu kubwa ya taka za Mombasa huishia Mwakirunge, katika kaunti ndogo hii hii ya Kisauni. Bodi za kompyuta zina risasi na madini mengine yanayoweza kuingia ardhini na kwenye maji ya visima, na kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wa sumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinakotoka. Kompyuta iliyokufa ipelekwe kwa fundi anayechukua vipuri, au kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA. Kabla ya hapo diski itolewe na kufutwa kabisa au kuvunjwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humwajibisha anayeshika taarifa za watu, na nakala za vitambulisho vya wateja hazibadiliki kuwa takataka kwa sababu mashine imezeeka.

Maswali kumi ya kuuliza dukani

1. Namba kamili ya prosesa ni ipi, na je, imo kwenye orodha ya Windows 11?
2. TPM 2.0 ipo na imewashwa?
3. Windows iliyomo ina leseni halali?
4. Pawasaplai imeandikwa volti ngapi, na nyingine kama hiyo inapatikana Mombasa?
5. Kasha likifunguliwa, kuna kapasita iliyovimba, kutu au ukungu wa kijani?
6. RAM ni ya aina gani, na nafasi ngapi ziko wazi?
7. Diski ni SSD, na ni mpya au imetumika?
8. Bodi ina nywila ya ofisi ilikotoka? Mashine iliyofungwa kwa nywila hiyo haifunguki kwa urahisi.
9. Dhamana ni ya muda gani, na inahusu vipuri vipi?
10. Je, inaweza kuwashwa hapa dukani kwa nusu saa kabla ya kulipa?

Muuzaji mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya. Atakayekasirika naye atakuwa amejibu, na mkaazi atabaki na pesa zake mfukoni hadi apate duka jingine.